WILLIAM SIBORNE: MPIMA ARDHI ALIYEKATAA KUKISIA

Mwaka huu nimeamua kuwaletea maisha ya mtu ambaye jina lake halitajwi sana katika vitabu vyetu vya darasani, ingawa wasomi wa vita na wachezaji wa vita vya mezani wanamjua vizuri sana. Naye ni Kapteni William Siborne, Mwingereza aliyefariki zamani, mwaka wa 1849.

Lakini vita vya mezani ni nini? Sote tumecheza drafti, na wengine wetu bao au chesi. Katika michezo hiyo kete ni kete tu, haidai kuwa mtu fulani. Huko Ulaya na Marekani kuna mchezo mwingine wenye wafuasi wengi. Wachezaji hupanga askari wadogo wa risasi (hapa ni ile madini nzito, si ile ya bunduki!) au wa plastiki juu ya meza yenye vilima, mito na vijiji vya kuigiza. Halafu hurusha dadu na kupigana upya vita vya kale. Wengine hubishana hadi usiku wa manane kuhusu rangi ya koti la kikosi fulani, au kikosi kilisimama upande gani wa barabara. Ukiwasikia utacheka. Watu wazima na akili zao wanagombania wanasesere!

Mimi pia nilicheka, mpaka niliposoma habari za Siborne. Hapo nikatambua kwamba anayeweka askari mahali fulani mezani anatoa ushahidi. Anatuambia kuwa saa fulani, watu fulani walikuwa pale. Akiwaondoa, hata huo nao ni ushahidi. Siborne alilijua jambo hili kwa gharama kubwa.

Utoto na Ujana Wake

Siborne alizaliwa mwaka wa 1797 huko Greenwich, karibu na London. Babake alikuwa afisa wa jeshi, na mtoto akafuata nyayo. Alisomea uanajeshi chuoni, na mnamo 1813, akiwa kijana wa takriban miaka 16, akaingizwa katika kikosi kile kile cha babake cha askari wa miguu. Hebu fikirini, ni umri wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili au cha Tatu!

Mwaka wa 1815 alipelekwa Ufaransa kujiunga na jeshi la Jemadari Wellington. Alipofika, kumbe mambo yalikuwa yamekwisha. Vita vikuu vya Waterloo vilikuwa vimepiganwa tarehe 18 Juni, na yeye hakuwapo. Mtu aliyekuja kuvijua vita vya Waterloo kuliko karibu wote waliovipigana hakuvishuhudia hata kidogo. Pengine ndiyo sababu alijua kuuliza. Aliyekuwapo hudhani aliona kila kitu.

Alipokuwa jeshini alijikita katika upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani. Mnamo 1822 alichapisha kitabu kuhusu uchoraji wa ramani za nyanda na milima, na mwaka wa 1827 akatoa kingine kuhusu upimaji. Sisi tunaohangaika na kontua katika somo la jiografia tungemfaa kama wanafunzi wake. Mwaka wa 1826 akapewa kazi ya ukatibu katika makao makuu ya jeshi nchini Ireland, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi.

Vita vya Waterloo kwa Ufupi

Ili tuelewane, ni lazima niwakumbushe vita vyenyewe. Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, alikuwa ameondolewa madarakani mwaka wa 1814, akarudi kwa kishindo mwaka uliofuata. Karibu na kijiji cha Waterloo, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alikutana na Wellington. Kila upande ulikuwa na askari takriban 70,000. Wale wa Wellington hawakuwa Waingereza pekee. Walikuwamo Waholanzi, Wabelgiji na Wajerumani wengi.

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku, matope chapachapa. Mapigano yalianza kama saa tano na nusu mchana. Wellington alishikilia kilima chake akisubiri wenzake, yaani jeshi la Prusia (taifa la Kijerumani la wakati huo) lililoongozwa na mzee Blücher, mwenye umri wa miaka 72. Siku mbili kabla, mzee huyo alikuwa ameshindwa na Napoleon na kuangukiwa na farasi wake. Hata hivyo, ahadi ni deni. Aliwaongoza askari wake katika njia za matope, na kama saa kumi na nusu alasiri wakaanza kuwashambulia Wafaransa ubavuni. Kijiji cha Plancenoit, nyuma ya mstari wa Wafaransa, kiligeuka tanuri. Napoleon alilazimika kupeleka huko askari aliowahitaji dhidi ya Wellington. Jioni, kama saa moja hivi, alituma walinzi wake mashuhuri wapande kilima cha Wellington. Wakarudishwa nyuma, na jeshi zima likatawanyika kama kuku walioona mwewe.

Je, nani alishinda Waterloo? Wellington? Blücher? Au wote wawili? Shikeni swali hilo, ndilo litakalomtesa Siborne.

Amri ya Kutengeneza Modeli

Katika miaka hiyo huko Prusia palikuwa na mchezo mpya. Mwaka wa 1824 afisa kijana aitwaye Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani halisi za kijeshi, kwa vipande vidogo badala ya vikosi, dadu badala ya bahati ya vita, na mwamuzi wa kuamua. Mkuu wa jeshi aliyeupitisha ukatumiwe kuwafundisha maofisa alikuwa Jenerali Müffling. Huyu ndiye aliyekaa na Wellington siku ya Waterloo kama mjumbe wa Waprusi. Basi mnaona? Hawa hawakuwa watoto wakichezea vumbi. Waliamini kwamba jeshi linaweza kujifunza mezani, mradi meza yenyewe isidanganye.

Siborne hakutengeneza mchezo. Yeye alitaka kutengeneza modeli, yaani mfano mdogo wa uwanja mzima wa vita, wenye kila kilima, kila ua, kila shamba, na kila kikosi mahali pake. Mnamo 1830 mkuu wa majeshi ya Uingereza, Lord Hill, ambaye naye alipigana Waterloo, alimpa kibali cha kuanza.

Siborne akaenda zake Ubelgiji. Kwa miezi minane alikaa katika nyumba ya shamba la La Haye Sainte, katikati kabisa ya ule uwanja wa vita. Nyumba hiyo ilitetewa na Wajerumani wa upande wa Wellington mpaka walipoishiwa na risasi (sasa nasema zile za bunduki), ikatekwa kama saa kumi na mbili jioni. Kutoka hapo Siborne alipima ardhi hatua kwa hatua. Hakutaka kukisia. Mteremko ulikuwa mkali kiasi gani? Askari aliyesimama hapa angemwona adui aliye bondeni?

Barua Mia Saba

Ardhi ilikuwa imepimika. Watu je? Tangu siku ile ya vita miaka mingi ilikuwa imepita. Siborne alitambua kuwa wengi waliopigana bado walikuwa hai, ila wanazeeka. Mnamo 1834, kwa ruhusa ya wakubwa wake, alianza kuwaandikia maofisa waliosalia. Aliwauliza kikosi chao kilikuwa wapi kama saa moja jioni, kilijipanga vipi, adui aliyekuwa mbele yao alijipanga vipi, na hata mimea ya shambani ilikuwa katika hali gani, imesimama au imekanyagwa.

Majibu yakamiminika. Alikusanya barua zipatazo 700, hazina kubwa kuliko zote za ushuhuda wa waliokuwapo Waterloo. Wacha niwaambie, si mchezo. Kabla yake watu waliandika historia ya vita kwa kusikiliza majenerali. Yeye aliwauliza hata maofisa wadogo waliokuwa vijana wabichi siku ile. Aliwaandikia pia wakuu wa jeshi la Prusia, ili wao wenyewe waeleze walikuwa wapi.

Bila shaka majibu hayakuafikiana. Huyu anasema kikosi chake ndicho kilichowatimua walinzi wa Napoleon, na yule wa kikosi jirani anaapa kuwa ni chao. Penye moshi mzito wa baruti mtu haoni hata hatua hamsini mbele yake. Isitoshe, kumbukumbu za miaka 20 ni kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, rangi huchujuka. Siborne aliziweka barua hizo sambamba, akazilinganisha na vipimo vyake vya ardhi. Ikiwa mtu anasema aliona jambo ambalo kilima kingemziba asilione, basi hapo pana walakini.

Hesabu ya Sanamu

Modeli hiyo ilitengenezwa kwa kipimo cha futi tisa kwa kila maili. Ilikuwa na upana wa futi zaidi ya 18 na urefu unaokaribia futi 20. Hiyo ni sawa na darasa dogo. Juu yake zilipangwa sanamu za askari zaidi ya 70,000, kila moja ikiwa na urefu wa milimita kama kumi hivi.

Hapa wale mahodari wa hesabu wainue mikono. Futi tisa kwa maili ni kama moja kwa 600. Mtu wa kimo cha kawaida angekuwa na urefu wa milimita tatu tu, sawa na punje ya mchele iliyovunjika. Nani angemwona? Kwa hiyo Siborne aliwafanya askari wakubwa kuliko kipimo cha ardhi, na ili wasijazane kupita kiasi, sanamu moja ilisimama badala ya watu wawili hivi. Hata mtu anayependa ukweli kuliko chakula hulazimika kuchagua ukweli upi autunze. Yeye alichagua mahali na umbo la kikosi, akaacha kimo cha askari. Wachezaji wa vita vya mezani wa leo hukumbana na tatizo lilo hilo, nao hulitatua kwa njia hiyo hiyo.

Tatizo la Waprusi

Sasa tufike penye kiini. Siborne alichagua kuonyesha saa moja jioni, wakati walinzi wa Napoleon waliposhindwa. Lakini saa hiyo Waprusi walikuwa wamejaa ubavuni mwa Wafaransa kwa maelfu. Kulingana na habari alizopata kutoka Prusia, modeli ilipaswa kuwaonyesha. Naye akawaweka.

Lo! Alikuwa amechokoza nyuki. Makao makuu ya jeshi huko London hayakufurahi. Katibu wa jeshi, Lord Fitzroy Somerset, ambaye alikuwa karibu sana na Wellington na alipoteza mkono wake wa kulia Waterloo, alionyesha hofu kwamba watazamaji watadhani ushindi uliletwa na Waprusi, wala si na ushujaa wa Waingereza na ujuzi wa jemadari wao. Wellington mwenyewe aliona modeli ya namna ile itapotosha. Na kumbukeni, Wellington hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa amekuwa waziri mkuu na ndiye shujaa wa taifa zima.

Tusimwonee Wellington. Katika taarifa yake aliyoiandika siku iliyofuata vita, aliwashukuru Waprusi waziwazi kwa msaada wao. Pia hoja yake haikuwa ya bure. Vita hutembea ilhali modeli imesimama, na ukichagua dakika moja unaweza kuficha saa nane zilizotangulia, ambapo jeshi lake lilivumilia mizinga. Lakini Siborne naye alikuwa na hoja. Ikiwa ni saa moja jioni, na watu walikuwapo saa moja jioni, utawaachaje?

Wakati huo huo pesa zilikuwa zimekauka. Serikali ilikataa kuendelea kugharamia kazi mnamo 1833. Siborne akajitosa kwa pesa zake mwenyewe na za kukopa. Gharama ilifikia takriban pauni 3,000, mali nyingi mno kwa afisa mdogo mwenye mke na watoto. Basi fikirini hali yake. Huku anadaiwa, huku wakubwa wanaoshika mkate wake wamenuna.

Hatimaye Siborne aliwaondoa wengi wa Waprusi kutoka kwenye modeli. Wanahistoria wanazozana kuhusu jambo hili. Wengine wanashikilia kwamba alishinikizwa mpaka akakubali, na wengine wanasema alisadiki kweli kuwa aliwaweka mbele mno kwa saa ile. Mimi naona yawezekana yote mawili yaliingiana, kwani mtu mwenye madeni na mabosi wakali huwa rahisi kusadiki. Lakini hayo ni maoni yangu.

Maonyesho na Madeni

Modeli ilikamilika, na mwaka wa 1838 ikaonyeshwa katika ukumbi uitwao Egyptian Hall mjini London. Watu wapatao 100,000 waliingia kuitazama, kila mmoja kwa shilingi moja. Ungedhani Siborne alitajirika. Wapi! Gharama za maonyesho zilikula mapato, naye hakuweza kurudisha pesa alizotumia. Mchumia juani hulia kivulini, lakini yeye alichumia juani akalia juani.

Hakukata tamaa. Mnamo 1844 alitoa historia ya vita vya 1815 katika majuzuu mawili, akitumia zile barua. Humo Waprusi walipewa kurasa zao. Mwaka huo huo alionyesha modeli ya pili, yenye sanamu kubwa zaidi na eneo dogo zaidi. Hii ilionyesha wapanda farasi wa Uingereza wakiwashambulia Wafaransa mapema alasiri, saa ambazo Waprusi walikuwa bado njiani. Hapo hapakuwa na wa kumgombeza!

Katika miaka hiyo ya 1840 alipewa kazi katika shule ya watoto wa askari huko Chelsea, London. Alifariki mnamo Januari 1849, akiwa na umri wa miaka 51 tu, bado akiwa kapteni. Hakupanda cheo tena.

Baada ya Kifo Chake

Mwanawe, Herbert Siborne, naye akawa mwanajeshi. Mnamo 1891 alichapisha sehemu ya zile barua, na wengine wakazidi kuzichapisha baadaye. Barua zenyewe zimehifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Modeli ya kwanza imo katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi huko Chelsea, na ya pili imo katika makumbusho ya silaha mjini Leeds.

Tazameni ajabu hii. Sanamu za Waprusi ziliondolewa, lakini barua hazikuchomwa. Kwa kuwa Siborne alihifadhi ushahidi wake wote, hata ule uliompinga mwenyewe, leo mtu anaweza kukaa na meza yake na askari wake wa risasi, akasoma barua hizo, akawarudisha Waprusi mahali anapoona walistahili. Na mwingine akija kubisha, wana kitu cha kubishania, hawapigi kelele tu.

Funzo Kwetu

Ewe mwanafunzi mwenzangu, unaweza kusema, mimi na Waterloo wapi na wapi? Haya, fikiria tunavyoandika insha na ripoti za vyama vyetu. Tukisema timu ya shule ilishinda, tunamtaja aliyefunga bao tu, au pia yule kipa aliyezuia penalti, na yule aliyeazima viatu vyake? Tukiandika matokeo ya jaribio la maabara, tunaandika tulichokiona, ama tunachojua mwalimu anataka kukiona? Msinicheke, nanyi pia mmefanya.

Siborne hakuwa malaika. Aliweka, akaondoa. Lakini aliuliza kabla ya kuweka, akapima kabla ya kuchora, na akatunza karatasi zake ili wajao wamkosoe. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga hawakukosea. Njia ya Siborne ilikuwa ndefu, yenye matope kama ile ya mzee Blücher, na haikumletea mali wala cheo. Ilichomletea ni kwamba miaka zaidi ya mia moja na sabini baada ya kifo chake, mtu yeyote anayetaka kujua nani alisimama wapi siku ile ya Waterloo, sharti aanzie kwake.

Siku nyingine ukiwaona watu wanagombana juu ya sanamu ya askari iliyosogezwa inchi moja, usiwacheke haraka. Waulize kwanza ni nani alikuwa amesimama pale.